Usikaze Tu, Fungua: Kiungo cha Petroli Kinachovuja Kwenye Kombi ya Kulala

Petroli ikidondoka kwenye kiungo, karibu kila mtu hukimbilia bisibisi. Klipu inakazwa mizunguko miwili, tone linakoma, mlango wa injini unafungwa na safari inaendelea. Naandika makala haya kuwaomba wenye magari ya kulala, hasa Kombi za zamani za Volkswagen, waache zoea hilo. Kiungo kikianza kuvuja, mara nyingi klipu haina kosa. Mpira umekauka, au paipu imeliwa na kutu, au vyote viwili havikuwa saizi moja tangu siku vilipofungwa. Ukikaza klipu juu ya mpira uliokauka, unaukata. Utakaa kimya asubuhi ukiwa baridi, kisha utapasuka mchana injini ikichemka, wakati petroli ina mvuke mwingi zaidi na chuma kina joto kali zaidi.

Nasisitiza Kombi kwa sababu ya namna ilivyoundwa. Volkswagen walianza kuitengeneza Ujerumani mwaka 1950, na kiwanda cha Brazil kiliendelea nayo hadi mwisho wa 2013. Kwetu, wenye umri wanazikumbuka zile zenye paa la kuinuka zilizopeleka watalii mbugani kabla ya Nissan na Hiace kushika kazi hiyo. Nyingi zilizobaki zimefufuliwa: zimewekwa kitanda, jiko la gesi, friji na betri ya pili. Injini yake iko nyuma, inapozwa kwa hewa, na imefungiwa ndani ya kisanduku cha mabati. Tanki liko mbele yake tu, juu ya giaboksi. Anayelala kwenye kitanda cha nyuma amelala juu ya vyote viwili.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna hali ya hewa ya Afrika Mashariki ambayo ni salama kwayo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi ukapotelea dirishani, unatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo. Hewa yenye mvuke wa asilimia 1.4 tu tayari inaweza kushika moto. Sasa tazama vitu vilivyomo kwenye gari la kulala. Friji ya gesi ina mwali unaowaka usiku kucha karibu na sakafu. Jiko lina viberiti. Betri ya pili mara nyingi imewekwa kwenye chumba cha injini chenyewe, pamoja na ile rilei inayounganisha betri mbili injini ikiwaka, na rilei ya kawaida hutoa cheche kila inapofunga na kufungua. Gari la kawaida lenye harufu ya petroli ni tatizo la barabarani. Gari la kulala lenye harufu hiyo ni tatizo hata likiwa limeegeshwa, limezimwa, na watoto wamelala ndani.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba bloku ya injini ya Kombi nyingi za hewa imetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu. Ikishawaka, maji hayaizimi, yanaichochea. Ndiyo maana magari haya yanapoungua huungua yakaisha, na ndiyo maana kazi yote ya maana hufanyika kabla ya moto.

Anza kwa kusoma mvujo kabla hujagusa spana. Petroli hukauka haraka, kwa hiyo mara nyingi hutakuta umajimaji. Utakuta doa la rangi ya chai, au sehemu moja ya paipu iliyo safi kupita kiasi kwa sababu petroli imeosha vumbi lake. Zungushia karatasi nyeupe au tishu chini ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine, uone ipi inalowa. Halafu jiulize mvujo unatokea lini. Ukiona tone gari likiwa limesimama usiku kucha, hasa tanki likiwa limejaa, angalia upande wa tanki hadi kwenye pampu, maana huko petroli hushuka kwa uzito wake. Ukiona tone injini ikiwaka tu, angalia kati ya pampu na kabureta, ambako petroli inasukumwa. Na ikiwa harufu inakuja baada ya kujaza tanki hadi juu na kukata kona, usihangaike na injini. Chunguza mpira mkubwa wa mdomo wa kujazia na ile mipira myembamba ya kupumulia ya tanki. Hii ya mwisho husahaulika sana, na watu hubadilisha kila kitu cha injini huku harufu ikibaki palepale.

Kuna mvujo usiodondosha chochote. Kiungo kilicholegea upande wa kuvuta wa pampu kinaweza kunyonya hewa badala ya kutoa petroli. Gari linakatakata mlimani, linazima, likipoa linawaka. Fundi atabadilisha plagi, koili na pointi, na huenda zote zilikuwa nzima.

Ukishajua pa kufungua, tayarisha kazi kama mtu anayejua anachoshika. Injini iwe imepoa kabisa, tuseme imelala usiku mzima. Gari liwe nje, kwenye upepo, si ndani ya gereji iliyofungwa wala karibu na mama anayepika kwa mkaa uani. Funga mtungi wa gesi kwenye valvu yake, uhakikishe mwali wa friji umezimika, kisha ndipo ufungue waya hasi wa betri, na kama kuna betri ya pili, nayo ifunguliwe. Paneli ya jua iliyo juu ya paa itengwe pia, maana inaendelea kuleta umeme hata betri zikiwa zimefunguliwa. Mwanga uwe wa tochi ya kichwani ya LED. Ile taa ya balbu yenye waya mrefu ikianguka na kupasuka kwenye petroli itawasha gari zima. Mtungi wa kuzimia moto wa unga, wa kilo 2 au zaidi, uwe chini karibu na mkono wako, na pini yake uwe umeshaikagua kwa jicho.

Petroli itakayotoka ipokelewe kwenye chombo cha chuma, si beseni la plastiki. Na hapa niseme kwa uchungu: tusinyonye petroli kwa mdomo. Kila mtaa una fundi anayefanya hivyo na kutema pembeni. Tone dogo likiingia kwenye mapafu linayachoma na kuleta nimonia inayoweza kuua mtu mwenye afya, na hatari huongezeka akitapika, kwa sababu petroli hupita koo mara ya pili. Aliyemeza asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa matumaini ya kupunguza sumu. Apelekwe hospitali. Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta inauzwa kwenye maduka ya vipuri na bei yake si ya kumshinda mwenye gari.

Huhitaji kumwaga tanki zima ili kubadilisha mpira mmoja ulio mbali na tanki. Unaweza kuubana mpira unaotoka kwenye tanki kwa klampu yenye midomo laini, au kuuchomoa na kuuziba haraka kwa bolti safi ya milimita 6 isiyo na hesi sehemu ya juu. Koleo lenye meno usilitumie kubana, litautoboa huo mpira unaoutegemea. Lakini ikiwa mpira wenye ugonjwa ndio ule wa kutoka kwenye tanki lenyewe, tanki limwagwe, na ujiandae kisaikolojia: kwenye Kombi nyingi haufikiki vizuri mpaka injini ishushwe. Ni kazi ya siku nzima kwa watu wawili na jeki nzuri. Injini ikiwa chini kwa sababu yoyote, iwe klachi au sili ya mafuta, badilisha mpira huo hata kama unaonekana mzima. Hutapata nafasi kama hiyo tena kwa bei hiyo.

Sasa fungua. Ukichomoa mpira wa zamani, ukunje kidoleni. Ukionyesha nyufa kama ngozi ya kisigino cha kiangazi, au ukibaki umejikunja bila kurudi, umekwisha. Wa kusukwa uzi kwa nje ni mgumu kuusoma, kwa sababu uzi unaficha nyufa, kwa hiyo ukate katikati utazame ndani. Kisha geukia paipu ya chuma. Ncha yake inapaswa kuwa na kivimbe kidogo cha kuzuia mpira usiteleze. Kama ncha ina kutu yenye mashimo, mpira mpya utavuja vilevile. Isugue kwa sandpepa laini kwa kuzungusha, usiisugue kwa urefu, maana mikwaruzo ya urefu ni mifereji ya petroli. Ikiwa kutu imeila, kata kipande hicho, au badilisha paipu nzima.

Saizi ndiyo inayowaponza wengi. Paipu za mafuta za Kombi ya kabureta zina unene wa nje wa milimita 6, na mpira wake una tundu la milimita 5 hadi 5.5. Mpira unaopatikana kirahisi madukani ni wa robo inchi, yaani zaidi kidogo ya milimita 6. Unaingia kwa ulaini, muuzaji anakwambia ni uleule, na klipu ndiyo inalazimishwa kufanya kazi yote. Mpira sahihi unakataa kidogo kuingia. Unaupaka tone la oili safi ya injini, unausukuma kwa kuuzungusha mpaka upite kivimbe kwa sentimita 2 au zaidi. Ukiingia bila upinzani, urudishe dukani.

Soma pia maandishi ubavuni mwa mpira kabla ya kulipa. Wa petroli wa gari la kabureta huandikwa SAE J30 R7. Wa injini ya injekta huandikwa SAE J30 R9, una utando wa ndani unaohimili petroli yenye ethanoli, na unafaa pia kwa kabureta ukipata wa saizi yako. Mpira usio na maandishi yoyote ni mpira wa kitu kingine, huenda wa hewa, huenda wa maji. Ule wa plastiki wa kuonyesha petroli inavyopita, ambao tumeuzoea kwenye pikipiki, usiingie kwenye chumba cha injini ya Kombi hata siku moja. Joto huulainisha ukachomoka, kisha ukipoa unakuwa mgumu kama mfupa.

Suala la ethanoli si la Ulaya tu. Uingereza petroli ya kawaida imekuwa na ethanoli hadi asilimia 10 tangu Septemba 2021, na wenye Kombi huko wameona mipira yao ya zamani ikichakaa. Lakini Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli kwenye petroli tangu 1982. Msafiri wa Mbeya anayevuka mpaka wa Kasumulu kwenda kulala kando ya ziwa huenda akajaza petroli ya namna hiyo Karonga, na mpira wake wa miaka kumi na tano utaanza kulia huko huko. Badilisha mipira kabla ya kuondoka.

Kata mpira mpya kwa wembe au kisu kikali, mkato ulionyooka, si kwa msumeno unaoacha unga utakaoziba jeti. Klipu ivalishwe kwenye mpira kabla ya kuuingiza, na ikae nyuma ya kivimbe, karibu na mwisho wa mpira lakini isiwe ukingoni. Chagua klipu ndogo yenye mkanda laini na bolti yake na nati. Ile ya mkanda wenye matundu, inayofaa rejeta na bomba la maji, hukata mpira mwembamba kwa meno yake na haibani duara sawasawa. Kaza mpaka mpira uanze kuvimba kidogo pembeni mwa mkanda, usimame hapo. Usipake gundi wala silikoni. Silikoni ya kawaida huvimba na kumomonyoka kwenye petroli, vipande vyake huishia kwenye kabureta. Utepe mweupe wa mafundi bomba nao hauna kazi kwenye kiungo cha mpira.

Kuna kiungo kimoja ambacho klipu haiwezi kukisaidia, na kwa maoni yangu ndicho cha hatari kuliko vyote kwenye Kombi ya kabureta moja. Kwenye mfuniko wa kabureta ya Solex kuna kipaipu cha shaba ya njano ambacho mpira wa petroli huvalishwa. Kipaipu hicho hakikufungwa kwa hesi. Kimeshindiliwa tu ndani ya mfuniko wa metali laini. Miaka ya joto na baridi hulegeza shimo, na siku moja kinachomoka chote, kikiwa bado kimeshikwa vizuri na mpira na klipu yake mpya, na pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya distributa. Kishike kwa vidole injini ikiwa baridi, ukizungushe na kukivuta. Kikicheza hata kidogo, usiendeshe gari. Fungua skrubu za mfuniko, utoe na sindano ya floti, uupeleke mfuniko kwa fundi mchonga vyuma aukatie hesi na kuweka kipaipu cha kufunga kwa hesi. Kisha uoshwe na kupulizwa hewa mpaka chembe ya mwisho ya chuma iondoke. Kwa fundi mwenye vifaa ni kazi fupi. Wengine huzungushia waya mwembamba wa chuma kutoka kwenye kipaipu hadi kwenye mwili wa kabureta ili kisichomoke. Waya huo unaweza kukufikisha nyumbani. Usiuhesabu kuwa matengenezo.

Ukiwa hapo, tazama mahali ambapo paipu inapita kwenye bati la injini. Lazima kuwe na kipete cha mpira kwenye tundu hilo. Kikikosekana, bati husaga paipu kila injini inapotetemeka. Na ukiikuta filta ya plastiki imening'inia kati ya pampu na kabureta, juu ya moto na umeme, itoe. Uzito wake huvuta viungo viwili na ganda lake hupasuka. Mahali pake ni chini ya gari, nje ya chumba cha injini, kabla ya pampu.

Wenye Kombi za kizazi cha tatu zenye injini ya injekta, pamoja na Hiace za petroli za miaka ya karibuni zilizogeuzwa kuwa nyumba, msichukue ushauri wote wa hapo juu kama ulivyo. Pampu ya kabureta husukuma kwa chini ya baa 0.4. Injekta hufanya kazi kwa baa 2.5 na zaidi, na kiungo kikiachia hakidondoshi, kinarusha. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa injini mpaka ijizime yenyewe, ndipo ufungue waya wa betri na kiungo, huku ukikifunika kwa kitambaa. Kwenye Hiace utakuta viunganishi vya plastiki vya kubonyeza. Pete ya ndani ikiharibika, kinunuliwe kiunganishi kizima. Kukata plastiki hiyo na kuingiza kipande cha mpira na klipu mbili ni kutengeneza ajali.

Kazi ikiisha, usifunge mlango wa injini ukaondoka. Kausha kila kitu, subiri mvuke upeperuke, rudisha betri mwisho, gesi ibaki imefungwa. Mmoja awe kwenye swichi, mwingine nyuma na tochi na mtungi wa kuzimia. Washa, pitisha karatasi nyeupe kwenye viungo vyote, acha injini ipate joto kamili. Kisha zima na usubiri robo saa, utazame tena. Kipindi hicho baada ya kuzima ndicho kigumu kwa viungo, kwa sababu feni imesimama, joto la injini linapanda, na petroli iliyobaki kwenye mipira inachemka na kusukuma. Rudia kukagua baada ya kilomita 100 hivi. Halafu andika kwa rangi nyeupe, mwezi na mwaka, kwenye bati karibu na mpira. Mimi nashauri mipira yote ibadilishwe kila baada ya miaka 5, yote kwa pamoja, maana ilikauka pamoja.

Barabarani ni habari nyingine. Ukinusa petroli ukiwa unapanda mlima wa Kitonga, nyuma kuna malori na injini imechoka, egesha mahali salama, zima swichi, watu wote washuke na wakae mbali kabla hujafungua chochote. Ukiona moto, usiinue mlango wa injini wote. Hewa itakayoingia itaukuza. Fungua ufa mdogo, pitisha mdomo wa mtungi, puliza unga wote. Usiposhinda kwa mtungi huo mmoja, ondoka. Kama ni mvujo tu, mita moja ya mpira sahihi, klipu nne, kisu na bolti ya kuzibia vinatosha kukuondoa hapo, injini ikishapoa. Ule mche wa sabuni wanaousugua madereva kwenye tanki lililotoboka husaidia kweli kwa tanki, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni na hakuna msukumo. Kwenye kiungo kilicho kati ya pampu na kabureta hausaidii kitu.

Ukimpelekea fundi gari, mwambie waziwazi unachotaka: "Fundi, naomba tubadilishe mipira yote ya petroli, na mpira nimekuja nao." Wengi watafurahi, kwa sababu kinachowafanya wakaze tu ni kuogopa kumtajia mteja gharama. Kaa naye, mshikie tochi, na ile mipira ya zamani ibebe uende nayo, ili isirudi kwenye gari la mwingine.

Na ikitokea usiku mmeshaegesha, mmetandika, halafu mmoja wenu aseme ananusa petroli, msimbishie na msilale humo. Zimeni friji na jiko, fungeni mtungi wa gesi, fungueni milango yote, mwache swichi za taa kama zilivyo, mchukue mablanketi mkalale kwenye hema au kwa jirani, mbali na gari, mpaka kuche na mpaka kiungo kipatikane.